Dakika Ishirini na Sita

Kazini wananiita Barafu. Wageni hudhani ni kwa sababu nina roho iliyopoa, na wanaonijua hucheka mpaka wakashika meza. Mimi sina cha kupoa. Jina nililipata kwa kuwa kila asubuhi, kabla hata ya salamu, nauliza barafu iko wapi, na isipokuwepo, siku hiyo hakuna atakayekunywa chai kwa amani.

Kazi yangu ni kupokea vinyama vinavyotolewa kwa sindano kwenye uvimbe wa wagonjwa wa saratani, vyembamba kama uzi, na kuvigandisha upesi kabla havijaharibika. Tunachokitafuta humo ni RNA. Nikimweleza mtu asiye wa maabara namwambia hivi: kila seli ina kitabu kikubwa cha mapishi ambacho hakitoki kabatini. Kinachotoka ni vikaratasi vilivyonakiliwa, na hivyo ndivyo RNA. Juu ya vikaratasi seli hubandika alama ndogo ndogo za kemikali: hiki kisomwe haraka, hiki kichanwe, hiki kifichwe. Sasa uvimbe mbaya ni mjanja. Mwingine hubandika alama nyingi kupita kiasi, ukaficha kila kitu cha kutia shaka, na askari wa mwili wanapita mlangoni wakidhani humo ndani wanaishi watu wema.

Dawa tunayoijaribu inamfunga mikono yule anayebandika alama. Vikaratasi vilivyofichwa vinaonekana, seli inapiga kelele, askari wanaingia. Inafanya kazi, nimeona kwa macho yangu. Lakini inafanya kazi kwa wenye alama nyingi tu. Mashine yetu ikisoma sitini au zaidi, unaingia kwenye majaribio. Ikisoma chini ya hapo, uvimbe wako unajificha kwa njia nyingine, na ukipewa dawa hiyo utakuwa umewachokoza askari bila kuwaonyesha adui. Wakimkosa adui wanawapiga wenyeji: utumbo, mapafu. Tumeshapata wagonjwa wawili wa namna hiyo, na mmoja hakurudi nyumbani. Isitoshe, ili uingie ni lazima uache dripu ya dawa ya zamani uliyokuwa ukiwekewa.

Ndiyo maana kuna sheria ya dakika kumi. Kinyama kikishakatwa, kikikaa kwenye joto bila damu, seli zinapata taharuki na kuanza kubandika alama ovyo. Mashine inasoma namba kubwa ambayo mgonjwa hana. Sikuambiwa na mtu. Jaribio nililifanya mwenyewe: vinyama vya uvimbe mmoja nikavigawa mara mbili, nusu kwenye barafu papo hapo, nusu mfukoni mwa koti langu kwa nusu saa. Nusu ya mfukoni ilisoma karibu mara mbili. Tangu siku hiyo kila fomu ina nafasi mbili za kuandika saa, ya kukatwa na ya kugandishwa, na zikipishana kwa zaidi ya dakika kumi, chupa inarudi ilikotoka.

Nimewarudishia wengi. Niliwahi kumrudishia daktari bingwa mbele ya wanafunzi wake. Miezi miwili iliyopita nilirudisha chupa ya mwalimu mstaafu kwa sababu nesi alichelewa dakika mbili tu. Mzee hakuwa na nguvu za kuchomwa tena, akaondolewa kwenye orodha. Kisa hicho nilikisimulia nyumbani kwa dada yangu kwa majivuno, mdomo umejaa mkate. Dada aliacha kula.

"Ulimwona uso huyo mzee?" akaniuliza.

"Mimi sioni nyuso, dada. Naona chupa."

"Haya. Iko siku utaona uso."

Dada yangu ni mwoka mikate. Ana tanuri moja, mikono yenye makovu ya moto mpaka kwenye viwiko, na ulimi usio na breki. Ndiye aliyenilea mama alipotutoka. Alinisomesha kwa mkate, na akinikasirikia hunikumbusha ni mikate mingapi. Uvimbe ulipoonekana kwenye ini lake, alimwambia daktari, "Tafuta ini lingine, hili nilikuwa nalitumia." Daktari alicheka. Mimi nilitoka nje nikalia chooni.

Dripu ya zamani ilimsaidia kwa miezi minne, halafu ikawa inajikokota tu. Haikuuondoa uvimbe, ila iliuzuia usikue haraka. Kwenye majaribio yetu zilibaki nafasi mbili. Siku ya kuchomwa sindano ilipopangwa, nilijua sheria nyingine ya maabara, iliyoandikwa ukutani kwa herufi kubwa: mwenye ndugu hagusi. Chupa ya dada ilitakiwa ibebwe na mwenzangu tunayemwita Miwani, kijana mpole, mwangalifu, asiye na haraka na kitu chochote duniani.

"Kaa," nilimwambia asubuhi ile. "Wewe unatembea kama bibi harusi. Hii nabeba mimi."

"Ukutani pale pameandikwa..."

"Najua palivyoandikwa. Nilipaandika mimi."

Miwani akanipisha. Wengi hunipisha nikiwa hivyo.

Sindano iliingia saa nne na dakika kumi. Niliandika saa hiyo kwenye fomu kwa mkono usiotikisika. Kinyama kikaingia kwenye chupa, nami nikaitia chupa mfukoni mwa koti badala ya sanduku la barafu, kwa sababu sanduku lilikuwa juu ya toroli upande wa uso wake na sikutaka dada aone kipande chake kikipita mbele ya macho. Nilijiambia ni hatua kumi tu mpaka mlangoni, kisha nitakimbia hadi maabara.

Halafu damu ikakataa kusimama. Si nyingi, lakini nesi aliita mwenzake, na sauti yake haikunipendeza. Dada aligeuka rangi, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Akaunyoosha mkono wake wenye makovu akanishika wangu. Yule mwanamke hajawahi kuniomba kitu maisha yake yote.

"Usiniache kidogo," alisema.

Nikakaa. Nilijua chupa iko mfukoni. Wasinidanganye wanaosema mtu akichanganyikiwa husahau. Mimi sikusahau hata sekunde moja. Kila dakika nilisema moja tu zaidi, na kila nilipotaka kuvuta mkono, yeye alikaza vidole. Presha iliporudi na akafumba macho, nilikimbia kama mwizi. Naitrojeni ya kugandishia ilifuka moshi, chupa ikaingia, nikatazama saa ya ukutani: saa nne na dakika thelathini na sita.

Kwenye fomu niliandika saa nne na dakika kumi na sita. Ni tarakimu moja tu. Tatu ikawa moja.

Mashine ilisoma sabini na moja.

Siku ile daktari mkuu wa utafiti, mwanamke mkimya asiyetabasamu bila sababu, alitabasamu. Dada aliambiwa ana nafasi, ataanza siku ya Jumatatu, wiki mbili baadaye. Alioka mikate mia akagawa mtaa mzima. Alinunua viatu vyekundu vya kisigino ambavyo hajui kuvitembelea, na akawa anavivaa mbele ya tanuri ili miguu izoee. "Nitakuzika wewe," alinitania, "halafu nitacheza kwenye mazishi yako na hivi hivi." Nami nilicheka. Nilicheka naye siku nane nzima, na usiku nilikuwa nahesabu. Huenda ni sabini na moja ya kweli. Huenda ni arobaini iliyopandishwa na joto la mfuko wangu. Nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua kwamba hakuna anayejua.

Siku ya tisa, tukiwa tunaosha vifaa, Miwani alisema bila kuinua kichwa, "Yule mwalimu mstaafu amefariki. Mkewe alikuja kuchukua faili lake leo."

Nilizidi kusugua.

"Alikuwa na dakika kumi na mbili," akaendelea. "Huwa nazikumbuka tu, basi." Kisha akanitazama. "Barafu, nafasi aliyopewa dada yako ndiyo ile iliyokuwa yake."

Sijui kama alishuku kitu. Miwani si mtu wa mafumbo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Msemo huo nimeusikia tangu utotoni na nimewarushia watu wengi, sikuwahi kufikiri nitakuwa binadamu mwenyewe. Nilivua koti, nikaenda moja kwa moja kwa dada.

Alikuwa anatoa trei tanurini, viatu vyekundu miguuni, kitambaa kichwani. Akaniona uso akaweka trei chini.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Kaa kwanza, dada."

"Nikikaa mkate uliobaki ndani unaungua. Sema."

Nikasema. Nilianza na mfuko wa koti, nikaenda kwenye saa ya ukutani, nikamaliza na ile tarakimu moja. Nilimweleza maana yake pia, kwamba namba yake inaweza kuwa ya joto na si ya ugonjwa, na kwamba akianza dawa Jumatatu bila kuwa na alama nyingi, atakuwa ameacha dripu inayomshika ili ameze kitu kitakachompiga mwenyewe. Alisikiliza amesimama. Mkate uliungua kweli, tukasikia harufu, na hakuna aliyesogea.

"Siku tisa," alisema mwisho.

"Ndiyo, dada."

"Siku tisa umekula mkate wangu, umenitazama navaa viatu, ukanyamaza. Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe. Niliyekufuta makamasi."

Nilitaka kusema nilikuwa namshika mkono. Nilitaka kusema yeye ndiye aliyeniomba nisimwache. Maneno yalifika kooni nikayameza, maana nilijua nikiyasema nitakuwa nimemtwika mzigo wangu mtu mgonjwa.

Lakini dada si mjinga. Aliyasema yeye.

"Ni kwa sababu nilikushika."

"Hapana."

"Usinidanganye tena leo." Akakaa juu ya gunia la unga, akavua kiatu kimoja, akakitazama kama hakijui. "Sasa niambie. Huenda hiyo sabini na moja ni ya kweli?"

"Huenda."

"Tukinyamaza, hakuna atakayejua?"

"Hakuna."

Alikigeuza kiatu mkononi muda mrefu. Nakiri kwamba katika muda ule niliomba aseme tunyamaze. Angesema, ningenyamaza. Ningemwachia yeye dhambi yote na kuiita heshima kwa dada mkubwa.

"Ingekuwa chupa ya mtu mwingine," aliuliza, "ungefanyaje?"

"Ningeirudisha."

"Yule mzee ulimrudishia."

"Nilimrudishia." Niliutazama unga sakafuni. "Amefariki, dada. Nimeambiwa leo."

Aliinuka akafungua tanuri, moshi ukamjia usoni. Mikate yote ilikuwa imeungua, myeusi mitupu. Aliitoa mmoja mmoja akaipanga juu ya meza kwa utulivu ulioniumiza kuliko matusi.

"Mkate huu naweza kuukwangua ukoko nikauza," alisema. "Mnunuzi hatajua mpaka afike nyumbani. Sijawahi kufanya hivyo." Akafuta mikono. "Nenda kamwambie daktari wako. Waambie wanichome tena."

"Mara ya kwanza ulivuja damu. Mara ya pili inaweza kuwa mbaya zaidi."

"Nilikuwepo, mdogo wangu. Damu ilikuwa yangu."

Daktari mkuu alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliniita kwa jina langu halisi, ambalo sikujua hata kama analijua, na hapo nikafahamu maji yamezidi unga. Alisema itabidi apitie kila fomu niliyoijaza mwaka mzima, moja moja, kwa kuwa sasa hana njia ya kujua ipi ni ya kweli. Hiyo ilinichoma kuliko yote. Fomu zile nilizijaza kwa uaminifu wa kupindukia, nikagombana na nusu ya hospitali kwa ajili yake, na tarakimu moja ilizichafua zote. Sitagusa chupa tena mpaka atakaponiambia, na huenda asiniambie kamwe.

"Na dada yako," akauliza, "anaelewa hatari ya sindano ya pili?"

"Anaelewa kuliko mimi."

Walimchoma tena siku ya Ijumaa. Safari hii niliingia chumbani kama ndugu wa mgonjwa tu, mikono mitupu, nikakaa kwenye kiti cha ndugu. Miwani alisimama upande wa pili na sanduku la barafu limefunguliwa. Dada alilala akitazama dari. Hakunitazama tangu asubuhi, na sikumlaumu.

Sindano ikaingia, ikatoka. Kinyama kikaanguka kwenye chupa, chupa ikazama kwenye barafu. Nesi akasema saa kwa sauti. Miwani, na adabu zake zote, akainama kidogo kitandani.

"Pole sana, mama. Umeumia?"

"Pole yako niletee kesho," dada alimwambia. "Sasa hivi kimbia."

Na Miwani, anayetembea kama bibi harusi, alikimbia. Nilisikia viatu vyake vikipiga sakafu ya koridoni mpaka mwisho, mlango ukabamizwa, watu wakapiga yowe wakimpisha. Damu ilitoka kama mara ya kwanza, nesi akakandamiza kwa mikono miwili. Nilinyoosha mkono wangu juu ya shuka. Dada aliuona. Hakuushika. Aling'ang'ania pindo la godoro na kufumba macho, na mimi niliuacha mkono palepale, mtupu, mpaka damu iliposimama.

Majibu yalitoka Jumatatu, siku ile ile aliyotakiwa kuanza dawa. Daktari mkuu alituita ofisini mwake, Miwani akasimama mlangoni na karatasi.

"Thelathini na nne," daktari alisema.

Nilisikia kama mtu amezima feni. Dada hakusogea.

"Kijana," dada alimwita Miwani. "Ulichukua dakika ngapi?"

"Tano, mama. Nesi ameandika, nami nimeandika."

"Tano." Akaitikia kwa kichwa polepole, kama anayepokea trei nzito. "Basi hiyo ndiyo yangu."

Daktari alianza kueleza. Dawa hii isingemsaidia, alisema, na kwa hali ya ini lake pengine asingemaliza mwezi. Dripu ya zamani ingeendelea kuuzuia uvimbe kwa muda, hajui muda gani, na kuna utafiti mwingine wa uvimbe wa aina yake unaoweza kuanza mwakani. Dada alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Mwakani," alisema. "Haya. Nirudishieni dripu yangu."

Tulitoka. Koridoni palikuwa na benchi refu, wagonjwa wawili wamekaa na faili zao mapajani. Dada alitembea hatua chache mbele yangu, amevaa kandambili, kisha akasimama kama aliyesahau kitu ofisini. Nilipomfikia niliona kidevu kinamtetemeka. Tangu aambiwe juu ya uvimbe, sikuwahi kumwona hivyo.

"Niliipenda ile sabini na moja," alisema.

"Najua, dada. Nisamehe."

"Sijakusamehe bado. Usiniharakishe." Akakaa benchi, akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaukamata kwa vile vidole vyake vya makovu, kwa nguvu kama siku ile. "Naogopa, mdogo wangu. Usiniache kidogo."

Sikuwa na chupa mfukoni. Nikakaa.